Mchezo wa Pamba wa Mwalimu Selestini

Nyamizi hajawahi kusoma kompyuta. Hilo tuliseme mapema, maana mtu akisikia habari hii anaweza kudhani tunamzungumzia mtaalamu. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda pembeni ya soko la Bariadi, na sketi za sare za nusu ya wasichana wa mji huu zimepita mikononi mwake. Mwambie kiuno kinabana, atakusikiliza. Mwambie programu haifunguki, atakutazama tu. Lakini muhula mzima alihangaika na programu isiyofunguka, akizunguka nayo kwa mafundi kama mtu mwenye mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mchezo wa kompyuta. Aliutengeneza mumewe, marehemu Selestini Mayunga, mwalimu wa hisabati katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji. Wenzake walipakua michezo ya Wazungu; Selestini alikaa sebuleni na laptop yake chakavu, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, mpaka akapata wa kwake. Ni shamba la pamba, mama mmoja kajifunga kitenge, na ng'ombe wasio na adabu wanaingia kutoka kila upande. Unamsogeza yule mama, anawafukuza. Akiwamaliza, anainua mikono na maandishi yanatokea kwa Kisukuma: Wabeja, mayu, yaani asante, mama. Wasichana waliupenda mno. Kila Jumamosi walijazana chumba cha kompyuta wakigombea viti. Na kabla mchezo haujaanza, utake usitake, ulisoma kwanza: Kazi ya Mwalimu Selestini Mayunga wa Ipililo.

Hilo jina ndilo lililomsumbua Nyamizi. Yeye na Selestini hawakujaliwa mtoto. Mtu asiye na mtoto akifa, jina lake linakaa midomoni mwa watu msimu mmoja wa kilimo, basi. Selestini aliondoka ghafla kwa presha, lakini Jumamosi wasichana ambao hawakuwahi kumwona waliendelea kulitaja. Nyamizi akipeleka sare pale, alisimama kidogo dirishani, akasikia msichana analalamika, "Mwalimu Selestini kanifunga tena jamani," naye akarudi sokoni moyo umetulia. Hakuwa na zaidi ya hapo, na hakuomba zaidi.

Kisha wafadhili wakaleta kompyuta mpya.

Sista Martha, mkuu wa shule, alifurahi, na nani asingefurahi? Mac tupu, nyembamba, zinang'aa, chumba kizima. Zile kuukuu za Windows zikarundikwa stoo kusubiri kuondolewa shule ikifungwa. Harieth, mwalimu wa kompyuta, binti wa Moshi aliyekuja Bariadi kwa ajira, aliuchukua mchezo kwenye flashi akauweka kwenye Mac. Mac ikaukataa. Akajaribu nyingine, nayo ikaukataa vilevile. Akampigia Nyamizi.

"Mama, mchezo wa mwalimu haufunguki kwenye hizi mpya."

"Umebonyeza vizuri?"

"Nimebonyeza, mama. Ulitengenezwa kwa ajili ya Windows. Hizi ni za namna nyingine."

Nyamizi akauliza ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angeuliza: kompyuta si kompyuta? Harieth akaeleza, akaeleza tena, na Nyamizi akaitikia "ehe, ehe" bila kuambulia kitu. Alichoelewa ni kimoja, kwamba shule ikifungwa zile kuukuu zitaondoka, na Selestini ataondoka nazo.

Harieth mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kwa Novatus, fundi wa simu na kompyuta jirani na stendi, kijana mstaarabu ingawa anaongea sana. Shule ikamkabidhi Mac moja. Novatus akaiwekea programu ya kuwa mkalimani kati ya mchezo na mashine, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Halafu jina likatokea! Nyamizi alisimama. Halafu akatokea yule mama wa kitenge, peke yake, ananing'inia hewani bila shamba, na ng'ombe wamegandiana kwenye kona. Halafu vyote vikazimika. Novatus alirudia, akabadilisha hiki na kile, kila mara mama wa watu ananing'inia hewani, mpaka fundi akaishiwa maneno, jambo ambalo pale stendi halijawahi kuonekana.

"Mama, nisikudanganye," alisema. "Mchezo ulivyo hapa ni ugali umeshasongwa. Mimi nataka unga. Mwalimu aliandika maelekezo yake mstari kwa mstari kabla hayajawa mchezo. Nikiyapata hayo, naweza kuusonga upya kwa ajili ya Mac."

"Huo unga unakaa wapi?"

"Kwenye laptop aliyoandikia."

Nyamizi nusura acheke. Laptop ilikuwapo! Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulipokaa kugawa vitu vya marehemu, alipewa Mboje, mdogo wake Selestini, kule Ipililo. Kesho yake akafunga kibanda, akapanda basi la Maswa, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, na njia nzima alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

Mboje alimpokea kwa heshima zote. "Mwadila, shemeji. Karibu sana." Laptop ilikuwa kwenye kibanda umiza chake, inaonyesha filamu za mapigano. Akaisimamisha filamu, wateja wakanung'unika, akaifuta vumbi kwa shati lake na kumpa kwa mikono miwili.

"Yale mambo ya kaka yako yapo humu? Aliyokuwa anaandika?"

Mboje akamshangaa. "Yatoke wapi, shemeji? Si ulisema isafishwe?"

Nyamizi akakaa kwenye benchi la wateja. Kwao nguo za marehemu hazigawiwi na jasho lake, hufuliwa kwanza. Alizifua kwa mikono yake, mashati na suruali na lile koti la harusi, akazipiga pasi moja moja. Na laptop ilipoletwa mbele ya wazee, ni yeye aliyesema hiki nacho kisafishwe, kisiende kwa mtu na vya marehemu ndani yake. Wazee wakamsifu, wakasema wanawake wa siku hizi wangesahau. Mboje, mtu wa kutii, akaipeleka kwa fundi mmoja mjini Nyalikungu, fundi akaipiga window mpya, ikarudi haina kitu. Tangu hapo imejazwa filamu, ikafutwa, ikajazwa tena.

Sasa alaumiwe nani? Mboje alifanya alichoambiwa. Nyamizi alitafuta wa kumkasirikia, akakuta ni yeye mwenyewe, na kosa lake ni kuwa mke mwema. Iliuma kupita kiasi. "Nimemfua mpaka nimemtoa," alisema, akalia palepale mbele ya wapenzi wa filamu. Mboje akamletea maji ya kunywa, asijue lingine la kufanya.

Novatus aliichokonoa ile laptop siku nzima. Hakupata kitu, akakataa malipo. Harieth, kwa huruma yake, akawatafutia wasichana mchezo wa magari unaokubali kwenye Mac, na huwezi kuwalaumu, wasichana ni wasichana. Jumamosi ya pili walikuwa wanashangilia magari. Nyamizi alipita dirishani na furushi la sketi, akasikia majina asiyoyajua, hakusimama.

Zile kuukuu zilipopakiwa kwenye lori, Sista Martha alimpa moja, ile yenye mchezo. Novatus akaiunganisha sebuleni kwake. Jumapili, baada ya misa, Nyamizi alikaa mbele ya kompyuta hiyo na gauni la kanisani. Ndoa nzima Selestini alimwita, njoo ujaribu kidogo mke wangu, naye alijibu nina nguo za watu. Hajawahi kuucheza hata mara moja.

Alibonyeza. Mama wa kitenge akaenda kushoto, ng'ombe wakaingilia kulia. Akambonyeza kulia, akaganda. Pamba ikaliwa mstari baada ya mstari, yeye anabonyeza kila kitu kilichokuwa chini ya vidole vyake, mpaka shamba likabaki udongo mtupu. Kisha yakatokea maandishi ambayo hakuwahi kuambiwa kwamba yamo: Umeshindwa? Usijali. Muulize Mwalimu Selestini.

"Nikuulizie wapi?" alisema Nyamizi, na kioo kikaendelea kumsubiri.