Cheti cha Juma Zima

Mume wangu ameipa jina albamu yangu: anaiita "jalala lako". Nilikaa masjala miaka thelathini nikitunza mafaili ya watu, na nilipostaafu nikasema sasa nitatunza karatasi nilizozichagua mwenyewe, na atakayenuna anune. Nyumba yetu hapa Kibaha ina vyumba vinne na jalala langu linachukua droo moja tu. Yeye ana baiskeli tatu mbovu uani, na hakuna aliyezipa jina.

Ninachokusanya ni vyeti vya kiwanda. Wakati wa ile vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walipomfukuza Mjerumani huku kwetu na nchi ikawa mikononi mwa wanajeshi, sarafu ziliadimika. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Kisarawe kikaanza kuwapa vibarua karatasi badala ya fedha. Umefanya kazi, unapewa cheti. Unakwenda nacho duka la kiwanda, unachukua chumvi, unga au shuka. Nje ya duka lile hakikununua hata kiberiti. Karatasi yenyewe ni nene, rangi ya kaki, ina muhuri wa jeshi wa zambarau na sahihi ya afisa aliyeandika kama anakimbizwa.

Cha kwanza nilikikuta Maili Moja, ndani ya kitabu chakavu cha mtembeza vitabu. Mtu alikitumia kuweka alama ukurasa. Kimeandikwa "Kazi Siku Moja". Nikanunua kitabu kizima kwa ajili ya alama yake, na kitabu sijakisoma mpaka leo. Baadaye nikapata cha nusu siku, kisha cha siku tatu, na nyuma ya hicho karani wa zamani alikuwa ameorodhesha aina zote. Ndipo nikajua kuna cha nne, cha juma zima. Sikuwahi kukiona, wala kukutana na aliyekiona. Nilikuwa nimeshanunua Kariakoo mifuko ya plastiki ya albamu, na mfuko wa nne ukakaa mtupu miaka miwili. Kila nikifungua albamu ninauona huo kwanza.

Basi nikaanza kuzunguka vijijini. Mzenga nilijifanya mjanja, nikatumia neno walilotumia vibarua wa zamani kwa karatasi zao za kazi. Nikamwuliza mama mmoja kama wana vipande vya zamani. Akasema vya zamani hana, vya leo vipo, akaingia ndani akatoka na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye sahani. Akaniambia nianze nacho, chai inakuja. Nikala, na ulikuwa muhogo mzuri sana.

Msimbu nikabadilisha neno, nikauliza vyeti. Lo! Nilichokoza nyuki. Tangu watu wasikie habari za viwanda na bandari kavu kule Kwala, mgeni akiuliza karatasi za zamani wanajua moja kwa moja ni mambo ya ardhi. Vikaletwa vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, kadi za kliniki, na bwana mmoja akaleta cheti cha chanjo ya mbwa. Nilijaribu kueleza, hakuna aliyenisikiliza. Na mimi damu yangu ni ya masjala, siwezi kuiona karatasi nikaiacha ipite. Nikajikuta nimekaa kwenye kigoda, miwani puani, nawaambia hapa jina limekosewa, nenda wilayani. Hiki kinachanika, kitie kwenye nailoni. Wewe mama, kadi ya mtoto haifungiwi dagaa. Asubuhi nzima iliishia hapo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mwembamba, mkononi hana kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema cheti chake si cha kushika mkononi. Akamwita mjukuu wake. Akatoka binti mwenye mimba kubwa, mkononi juu ya kiwiko amefungwa hirizi ya ngozi iliyochoka, nyuzi zinachungulia. Bibi akasema humo ndani mna cheti cha kiwanda cha pamba. Baba yake alipewa kwa kazi ya juma zima.

Nikauona mfuko wangu wa nne mbele ya macho. Lakini mimi pia ni Mwislamu, nimelelewa na hirizi, najua humo hutiwa aya au dua iliyoandikwa na mwalimu. Nikamwuliza karatasi ya kiwanda imefuata nini humo.

"Siku hizo askari wanakamata wanaume wakabebe mizigo ya vita," akasema. "Baba akawaonesha hicho cheti, kina muhuri wao wenyewe. Wakamwacha. Mdogo wake alikuwa nyuma yake, hana. Wakamchukua pale pale, na mpaka leo hatujui kaburi lake."

Baba yake hakukipeleka dukani tena. Alikaa na njaa juma lile, akakishona kwenye ngozi, na kila mtoto wa nyumba ile amezaliwa mama yake akiwa amekivaa. Huyu mjukuu alishaharibikiwa na mimba mara mbili, zote yuko mjini, hirizi iko huku. Hii ya tatu akaamua kurudi Msimbu kuilea hapa. Sasa ngozi imeoza, na siku zimekaribia. Bibi alikuwa anaogopa kumpa mtu yeyote aipeleke kwa fundi.

"Nimekutazama asubuhi yote unavyoshika karatasi za watu," akaniambia. "Ipeleke wewe, mwanangu. Irudi kabla ya Alasiri."

Nikachukua bodaboda mpaka Kisarawe mjini, kwa fundi viatu. Akafumua, akanipa karatasi. "Kazi Juma Zima." Imelainika kama kitambaa, lakini muhuri wa zambarau bado unasomeka, na sahihi ni ile ile ya kukimbizwa. Nilisimama juani kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Na pembeni ya fundi, wallahi sikuiweka mimi, kuna steshenari yenye mashine ya kutoa kopi za rangi.

Nisijitetee. Nilitoa kopi, mbele na nyuma, nikaikata kwa mkasi, nikaikunja mikunjo ile ile. Na hoja zilikuja zenyewe, tena za kisomi: kwenye ngozi jasho litaimaliza, kwangu itadumu, maneno ni yale yale, hirizi ni imani tu. Fundi akaishona kopi ndani ya ngozi mpya nyekundu, nikamlipa, nikaitia ya kweli kwenye pochi yangu, nikapanda bodaboda roho kwatu.

Roho kwatu haikufika mbali. Tulipoiacha lami nikaanza kumfikiria yule mdogo mtu aliyesimama nyuma ya kaka yake mikono mitupu. Nikajiuliza kama angekuwa na kopi, wangemwachia? Swali la kijinga, najua, lakini halikunitoka. Kisha nikamfikiria yule binti, amebeba mimba ya tatu na kipande cha karatasi ya steshenari, nami ndiye niliyemfunga. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia dereva geuza. Akadhani nimesahau simu, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Fundi alinitazama, akaniuliza taratibu kama nimekunywa maji leo. Alifumua, akaishona ile ya kweli, akanitoza mara mbili, na sikubishana, jambo ambalo mume wangu anasema haliwezekani.

Nilifika Msimbu adhana ya Alasiri inaanza. Bibi akaipokea hirizi, akaigeuza, hakuitazama sana. Akaiweka sikioni, akaibonyeza kwa vidole viwili, mara moja, mara ya pili, amefumba macho. Binti amekaa kwenye mkeka ananyoosha mkono, anasubiri. Halafu bibi akamfunga, mafundo mawili, akanigeukia.

"Karatasi mpya ukiibonyeza inalia," akasema. "Hii imenyamaza."

Akaniletea chai na mihogo, tukala, tukazungumza bei ya mkaa. Nikaimwaga chai kwenye kisahani, naye akajifanya anamtazama kuku.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu. Mtoto wa kike, mzima, na sauti yake niliisikia nyuma ya sauti ya bibi aliyekuwa anapiga vigelegele. Nililia jikoni, nikamwambia mume wangu ni vitunguu, na hakukuwa na vitunguu.

Mfuko wa nne sasa una ile kopi. Mume wangu aliuliza kwa nini hiki kimekuwa cheupe hivi, nikamweleza yote, na siku hiyo hakusema jalala. Juzi nilikitoa mfukoni, nikakikunja, nikakiweka sikioni na kukibonyeza. Kinalia kweli.