Kope Zangu Chini ya Hadubini

Juzi mjukuu wangu alinifungulia daftari lake la biolojia. Amechora ngozi ya kitunguu: vyumba ukuta kwa ukuta, kila chumba na nukta yake ndani, kiini.

"Kambo, na weye mulisomaka hii?" akaniuliza. Kambo ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyotuita sisi wazee wao.

Nikamjibu ndiyo. Si uongo mtupu.

Mji wetu, Elisabethville ya siku zile, bado naukumbuka: honi ya kiwanda alfajiri, moshi uliotukereketa kooni hata tukila bukari, ugali wetu. Tulikaa kambi ya wafanyakazi. Nyumba ilifuata kazi: baba akiwa na kazi, mna nyumba na posho. Baba alipofia kazini, tukaambiwa tuondoke kabla ya Jumapili. Tukanyolewa vichwa kwa ajili ya kilio, jirani akatupikia, mama akafunga mizigo ya kwenda kwa bibi, kijijini Kasomeno. Mimi sikulia. Watu walinitazama vibaya, lakini sikusikia huzuni wala hasira, ganzi tu. Nilitaka kitu kimoja: Ijumaa mtawa aliyetufundisha angeleta hadubini, kaiazima zahanati kwa saa chache. Tuliingoja tangu mvua za kwanza.

Basi nikaenda, kitunguu mfukoni kama wenzangu. Mtawa akabambua utando mwembamba, akautandaza juu ya kioo, akatonesha maji.

"Muchore tu kile munaona," akasema.

Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nikainama, nikabana jicho moja. Nikaona vijiti vyeusi vilivyopinda, vikitikisika. Nikavichora vyote, taratibu, bila kuruka hata kimoja.

Mtawa akatazama daftari, akacheka bila ubaya.

"Mutoto, hii njo nywele ya macho yako! Utaangaria tena juma yenye kuya."

Kengele ikalia, hadubini ikarudishwa sandukuni. Kwa kichwa kile kilichonyolewa, kope ndizo nywele pekee nilizobaki nazo. Nikasema, "Ndiyo, masere," kama tulivyowaita watawa. Sikumwambia kwamba kesho yake tunapanda lori.

Hadubini sikuiona tena. Mtawa yule, mama, jirani, wote wamekwenda. Nyumba yetu wanakaa watu nisiowajua, na honi siku hizi hailii.

Nikaweka kidole juu ya nukta moja daftarini mwa mjukuu wangu.

"Na haka kakikufa, chumba inabakia?"

"Hapana, kambo. Chumba nayo inakufa."

"Ile njo nilisomaka," nikamwambia.