Pikapu ya Dizeli na Ngamia Wangu wa Maziwa

Ni mwaka ule tuliokula samaki. Mwambie hivyo mtu yeyote wa Garissa wa rika langu, atatazama pembeni na kukuapia kwamba nyumbani kwao walikula wali. Mwongo huyo. Mvua ilinyesha mpaka Tana ukaja kutusalimia mlangoni, barabara ya Nairobi ikakatika, mbuzi wakawa wanaanguka kwa ugonjwa, tukaambiwa tusiguse nyama. Basi kambare, ambaye siku zote tulimwita nyoka mwenye sharubu, akaingia sufuriani. Mimi mwenyewe nilimla nimefumba macho, na nikaomba kuongezewa.

Maji yalipopungua nikabaki na shida moja, maziwa. Ngamia wangu walikuwa kambini, upande wa barabara ya Wajir, na hali yao ilikuwa nzuri kuliko yetu. Majani yameota, viwele vimejaa. Lakini lori la zamani lililokuwa likitubebea maziwa lilizama kwenye udongo mweusi, mwenyewe akalitazama, akalitukana, akaliacha hapo. Punda naye alikuwa akifika sokoni maziwa yamechachuka na wateja wamekwisha kunywa chai ya rangi.

Nikasema nitanunua pikapu. Mimi, mjane, ninayesoma kwa kufuata herufi na kidole. Wanaume wa barazani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Hooyo," mmoja akaniita, maana kwetu kila mwanamke wa umri wangu ni mama wa watu wote, "pikapu haikamuliwi!"

"Wewe pia hukamuliwi," nikamwambia, "na bado tunakulisha."

Mjini palikuwa na mfanyabiashara wa magari, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Alikuwa na pikapu mbili, zote zimechoka, zote zinavuta kwa magurudumu manne. Moja nyeupe, ya petroli, imeoshwa kama bibi harusi. Nyingine ya dizeli, rangi yake hata mwenyewe alikuwa haijui tena. Hakutaka pesa, alitaka ngamia. Kwa ile ya petroli aliomba madume wawili, na hao nilikuwa nimejiandaa kuwatoa. Kwa ile ya dizeli aliomba madume hao hao, na juu yao ngamia wangu jike mweusi.

Alijua anachoomba, mzee yule. Ngamia yule alikuwa akitoa maziwa kuliko wenzake wote, lakini hakuyaachia mpaka nimwimbie. Mimi, si mtu mwingine. Nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa. Watoto wangu walikuwa wakisema kwamba wao niliwazaa tu, huyo nilimpenda. Sikuwahi kuwakatalia.

Kijana wangu wa kwanza alitaka petroli. Yeye alikuwa akiuza manukato na vitambaa mjini, viatu vinang'aa hata wakati wa tope, na aliziona pikapu za miraa zikipita mbio akawa anazitamani kama wengine wanavyotamani mke. "Inawaka mara moja, hooyo. Haipigi kelele. Inakimbia. Na ngamia wako anabaki!"

Mume wa binti yangu alitaka dizeli. Huyo alikuwa ameendesha malori ya ng'ombe miaka mingi na alijua anachosema. Taabu yake ilikuwa namna ya kuniambia. Kwetu mkwe haketi uso kwa uso na mama wa mkewe. Ana haya naye, na mama ana haya naye pia. Akisikia kikohozi changu hutokea mlango wa pili. Kwa hiyo alikaa nje, nyuma ya ukuta wa mikeka, mimi ndani, na binti yangu akasimama mlangoni kama mkalimani wa mahakama.

"Mwambie mama dizeli ina nguvu ya chini."

"Hooyo, anasema dizeli ina nguvu ya chini."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize nguvu ya chini ndiyo nini."

"Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni kama ngamia dume. Unampakia mzigo, anainuka taratibu, lakini akishainuka hasimami. Petroli ni punda aliyeumwa na nzi."

Kijana wangu akadakia kutoka ndani, "Punda aliyeumwa na nzi hufika mapema!"

"Hufika wapi?" ukuta ukajibu.

Nilicheka, nikaficha kicheko kwenye shali. Si adabu kucheka maneno ya mkwe. Kisha nikasema kwamba mtu hanunui ngamia kwa kusimuliwa, hutazama anavyopiga magoti na anavyoinuka. Kila gari liende kambini likalete maziwa. Mwenye ndevu nyekundu akakubali, kwa sababu alijua anayetazama ni mwanamke, na alidhani nitatazama rangi.

Ya petroli ilitangulia. Kijana wangu akashika usukani, mimi nikakaa mbele kando yake. Wallahi, ilikuwa raha. Kiti laini, upepo dirishani, injini inanong'ona. Nilitoa mkono nje ili majirani waione bangili yangu na wajue ni nani anapita. Kwenda hatukupata neno, isipokuwa kwamba gari lile lilikunywa. Ngamia hunywa akapumzika siku nyingi. Hili lilitaka mtungi njiani, na mtungi ulikaa bodini, huko nyuma wanakopanda watu na mizigo.

Kambini wanawake wa maziwa walipanda na mitungi yao, na kopo la makaa. Bila makaa hakuna maziwa. Chombo lazima kifukizwe kwa moshi wa kuni nzuri, ndipo maziwa yakae na yapate ile harufu wateja wanayoitaka. Kijana wangu alipoona makaa mekundu kando ya mtungi wa petroli aliruka kama aliyekanyaga nge.

"Zimeni moto! Mnataka kutuchoma?"

"Basi wewe zima gari lako," wakamwambia, "sisi makaa yetu yalianza kazi hii kabla hujazaliwa."

Makaa yakamwagwa. Vyombo vya mwisho vikajazwa bila kufukizwa. Niliandika moyoni.

Tukafika kwenye laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu na kujaa ukipenda. Wakati wa kwenda tuliuvuka ukiwa mchanga mtupu, sasa maji yalikuwa ya magotini. Kijana wangu akasema dawa ya maji ni mwendo. Akaingia mbio, wimbi likapanda juu ya boneti, injini ikakohoa, ikanyamaza. Tukakaa katikati ya mto kama wafalme. Akafungua boneti, akatoa plagi za kuwashia injini moja moja, akaomba kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu pekee katika mto mzima kilikuwa shali yangu ya Idi.

"Hooyo, kidogo tu."

Alizipangusa plagi zake kama anavyopangusa chupa za manukato, na shali ikawa nyeusi kama sufuria. Wachungaji wakapita na ngamia wao, wakavuka, wakatuuliza kama tunauza samaki. Tulipotoka jua lilikuwa limeinama na maziwa yamechachuka. Sokoni hakuna aliyeyataka. Tuliyanywa wenyewe, na aliyekunywa mengi zaidi ni yule dereva.

Ikaja zamu ya dizeli. Asubuhi ilikataa kuwaka. Wanawake wa maziwa, waliokuwa wamelala mjini, wakaisukuma, wakiimba wimbo wa kumwinua ngamia mvivu, ikawaka kwa kishindo na moshi ambao uliwafanya majirani waanue nguo. Ndipo tukaliona jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si mkwe, si mimi, si mwenye ndevu. Pikapu ina benchi moja mbele. Anayejua dizeli ni mkwe wangu. Nitakaa wapi?

Mkwe alikuwa amekwisha kugeuzia uso dirishani, shingo imekakamaa kama mtu mwenye jipu. Hivyo angeendesha njia nzima, na angetuingiza kwenye mti wa kwanza. Nikamwambia binti yangu akae mbele na mumewe. Mimi nikakanyaga gurudumu, nikapanda bodini.

Kati ya bodi na wao mbele palikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Hicho ndicho kilichokuwa simu yetu.

"Mwambie mumeo apunguze, mgongo wangu si lami."

"Hooyo anasema upunguze."

"Mwambie mama nikipunguza zaidi tutarudi nyuma."

Makaa yetu tulikaa nayo kwa amani, maana dizeli haishiki moto kwa urahisi kama petroli. Kwenye laga mkwe alisimama. Akashuka, akatia mguu majini, akafunga gunia mbele ya gari ili maji yasiingie kwa nguvu, akarudi. Gia ya kwanza. Tukaingia polepole, kama bibi kizee anayeingia bafuni. Maji yakapanda, eksosi ikawa inatoa mapovu kama chungu cha uji, na injini ikaendelea kunguruma, haina habari. Tukatoka ng'ambo. Moshi wote ukatujia sisi wa nyuma usoni.

"Abaayo, dada yangu," jirani yangu akasema huku akikohoa, "leo na sisi tumefukizwa. Hatutachachuka."

Maziwa yalifika sokoni kabla ya adhuhuri, matamu, yakaisha watu wakiwa bado kwenye foleni. Sikuhitaji ukuta kunieleza tena. Nikasema dizeli.

Ngamia wangu nilimpeleka mwenyewe hadi zizi la mwenye ndevu nyekundu. Hakutaka kuingia. Aliniwekea mdomo begani, pale anapouweka siku zote, nikamwondoa. Sikulia. Waliosema nililia walikuwa wamesimama mbali.

Kazi ikaenda, na mji ukapata wa kumcheka. "Mwenye gari anakaa na mitungi," walisema, "na binti yake yuko mbele kama mke wa waziri!" Kijana wangu ilimuuma. Asubuhi moja, tukiwa tunapakia, akaja na yule mzee wa ndevu.

Mzee hakuzunguka. "Mama, ngamia wako hatoi maziwa. Tumemwimbia wote, hata wake zangu. Mchukue. Nirudishie dizeli, uchukue ile nyeupe, tumemalizana."

"Na mimi nitaendesha, hooyo," kijana wangu akasema. "Utakaa mbele, watu wakuone."

Mkwe wangu alikuwa ameinama nyuma ya gari akikagua gurudumu ambalo halikuwa na kasoro. Alilikagua sana.

"Amekonda?" nikauliza.

"Amekonda," mzee akasema.

Mikono yangu ilitaka kusema ndiyo. Nikawatazama wanawake wamekaa bodini, kila mmoja na mtungi mtupu katikati ya miguu, kopo la makaa limeanza kutoa moshi. Wao walikuwa wamekwisha kukaa mle mtoni na ile nyeupe.

"Mpelekeni kambini awe na wenzake," nikasema. "Maziwa yake yawe yako, mzee. Mimi nitamwimbia nikija, bure. Gari sirudishi, na mbele sikai."

"Hata mbele?" Mzee akacheka. "Basi kaa mbele na mkwe wako, dini haikatazi."

Nyuma ya gari mtu akaangusha spana.

"Hooyo," kijana wangu akanishika mkono, "mji mzima unatucheka. Fikiria kwanza."

Nikakanyaga gurudumu, wenzangu wakanivuta juu, nikakaa juu ya mtungi wangu na kuufunga vizuri mtandio wangu.

"Gari sirudishi, na mbele sikai."