Sultani wa Siyu na Nakala ya Asubuhi

Naona haya kuisimulia hii, lakini watu wa Siyu wameshaieneza hadi Mkokoni na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, basi afadhali mniumbue kwa maneno yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa zahanati ndogo ya punda. Orodha ya wagonjwa wetu iko kwenye hifadhidata moja, na seva mbili huisoma, moja ya ofisi ya Lamu na moja ninayoibeba tukienda kutibu vijijini (ni kijisanduku tu, lakini mbele za watu naiita seva). Kila seva hujiwekea nakala ya ilichosoma, ile tunayoiita kache, ili isihangaike kuuliza kila mara, na nakala hiyo huishi dakika moja tu, kisha seva huuliza upya.

Sasa siku hiyo pale Siyu, saa moja asubuhi, mtandao ulikuwa unachechemea, alama ya kusubiri inazunguka tu kwenye kioo cha kompyuta na watu wanacheka, na kati ya waliotazama alikuwamo Bwana Famau, baba yake Zainabu, ambaye mwezi mmoja nyuma alikubali posa yangu. Nikaona aibu. Nikaiambia seva ikae na nakala ya asubuhi hadi jioni, isiulize tena, na orodha ikaanza kufunguka papo hapo, nami nikavimba kichwa.

Bwana Famau alikuwa amemleta punda wake, Sultani, dume la kutazamwa, aliyeandikishwa kuhasiwa kwa sababu ya fujo zake na majike ya watu. Kabla ya adhuhuri akanijia.

"Mwanangu, nimesema na ofisi ya Lamu yeo asubuhi. Na hapa mwayua?"

"Mzee wangu," nikasema (kwa sauti, wasikie wote), "wakijua Lamu, tumejua Siyu. Nenda kaswali, usiwe na wasiwasi."

Sikumuuliza aliwaambia nini. Akaenda msikitini.

Daktari Mutua, mtu wa bara asiye na haraka, akamzunguka Sultani mara mbili. "Dume poa hivi anahasiwa kweli? Hebu pigia Lamu uulize."

"Daktari, tukianza kupiga simu, mfumo huu tuliutengeneza wa nini?"

Akina mama wakanipigia makofi. Daktari akasoma kioo, kikasema kuhasiwa, akachoma sindano, na kazi ikafanyika kwa ustadi mkubwa.

Bwana Famau aliporudi, tasbihi mkononi, Sultani alikuwa amesimama akiyumba, uso wa mtu aliyeibiwa. Mzee akainama kutazama. Akaenda upande wa pili, akainama tena. "N'nani alosema?" akauliza, na umati mzima, hata bibi mmoja asiyeona vizuri, ukaninyooshea kidole.

Nikampigia Bi Mwanaisha wa ofisi ya Lamu, na kwa wazimu gani sijui nikaiweka simu sauti ya nje.

"Sultani? Huyo nilishambadilisha tangu saa mbili. Chanjo tu, asihasiwe, mwenyewe keshaahidi kumpeleka Kizingitini kwa majike. Kwani kwako haionekani?"

Hapo mtu mwenye akili angelia. Mimi nikaeleza! Nikamwambia mzee kwamba Lamu kumebadilika kweli, ila seva ya huku imebaki na jibu la zamani kwa sababu nimeikataza kuuliza, na ile kazi ya kuifanya Lamu iipashe habari seva ya huku jambo likibadilika sijaiandika bado (nilisema nitaiandika kesho, na kesho hiyo ina miezi).

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo mtu aweza kutembea na jibu la kale, na mwenyewe keshabadilisha?"

"Naam, mzee."

"Basi lile jibu la ndiyo nalokupa la Zainabu ni la kale. Uliza tena."

Nikauliza, pale pale, mbele ya watu na punda wao.

"Limebadilika," akasema, akashika kamba ya Sultani wakaondoka polepole, kwa kuwa mmoja wao hakuweza kwenda haraka.

Siku hizi Lamu ikibadilisha hata herufi moja, kijisanduku changu kinajua papo hapo, na nimeapa sitamtuliza tena mtu kabla ya kumuuliza amesema nini. Zainabu ananiambia nivumilie, yeye hajabadilika. Basi kila Ijumaa baada ya swala nampigia baba yake na kuuliza upya, sitegemei jibu la wiki iliyopita. Mwanzoni alikuwa akinikatia simu. Ijumaa hii, alhamdulillahi, amenijibu.

"Ngoja kwanda nimuulize Sultani," akasema.