Maziwa Yaliyomwita Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilijua kumwita mama bila simu. Aliyenifunza ni Kukhu, nyanya yangu wa Butere, ingawa yeye alidhani ananionya. Alikuwa ametutembelea kwetu Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, na asubuhi ya kuondoka akanionyesha mdogo wangu Wafula, aliyekuwa bado ananyonya.

"Mama yako akiwa kazini, huyu usimwache alie sana," akasema. "Mtoto akilia, maziwa inasikia. Itamtoka huko huko, na atakuja mbio."

Mama alikuwa kibarua wa kuchambua kokwa za makadamia katika kiwanda fulani huko Thika, na vibarua walichaguliwa langoni kila asubuhi. Ukitoka kabla ya saa zako, kesho langoni huchaguliwi. Basi likizo nzima nilimbembeleza Wafula, nikamlisha uji, nikamwimbia mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe.

Mchana mmoja alilala. Jua lilipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati na kutua sakafuni vidoa vidoa, na nikaona kama chumba chetu kinaelea, na duniani hakuna mtu mwingine. Nilitamani vibaya sana mama awepo. Nikamfinya Wafula pajani. Akalia. Aliponyamaza, nikamfinya tena.

Sijui ulipita muda gani. Mlango ulifunguka, mama akasimama akihema, blauzi imelowa kifuani pande zote mbili.

"Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa."

Alimnyonyesha huku mkono wake mwingine ukiwa kichwani mwangu. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Kesho yake hakuchaguliwa, alirudi kutoka langoni mapema, na kwa wiki nyingi tulilalia uji.

Sasa naishi Mwihoko, nami nanyonyesha. Maziwa yakinitoka kazini, muuguzi wa kliniki husema ni saa za kunyonyesha tu zimefika. Mimi humwitikia tu. Lakini zipo siku hunitoka kabla ya saa, na nikipiga simu nyumbani nasikia kilio.

Majuzi nilimwungamia mama.

"Hiyo nilijua," akasema. "Alama ya kucha niliiona jioni nikimwosha."

"Na hukunichapa?"

"Ningekuchapaje? Wafula alikuwa ameshiba. Ni wewe ulikuwa unaniita."

Nililia pale pale, mtu mzima na kazi yangu. Mtoto wangu, aliyekuwa amelala mapajani pangu, akaamka akalia nami.