Mguu wa Fundi

Jirani yangu wa meza tulimpa jina la Rudia, naye akaliitikia bila kinyongo. Kazi yetu ni kuchapa ripoti za madaktari. Unavaa hedifoni, daktari anaeleza ugonjwa wa mtu kwenye rekodi, vidole vinaandika, na mguu uko kwenye kanyagio chini ya meza. Ukikanyaga, sauti inaenda, ukiachia, inasimama, ukibonyeza upande wa kushoto, inarudi nyuma. Rudia aliishi upande wa kushoto. Kutwa nzima nilisikia kanyagio lake, tak, tak, tak, nikatamani kulitupa dirishani, ingawa mwenyewe nampenda sana.

Msimamizi wetu hana maneno mengi. Alimwita akamwambia, "Wenzako thelathini kwa siku, wewe kumi na saba. Ijumaa ya wiki ijayo kama hujafikisha, unarudi masjala kubeba mafaili."

Masjala angeivumilia. Ambaye asingemweza ni mama yake. Huyo mama ni fundi cherehani, na hajamsamehe bintiye kuacha ushonaji. Pembeni ya cherehani yake kuna ya pili, yenye kiti kifupi cha mbao, na kila Jumamosi anavipangusa vyote viwili. "Kazi za watu zikikuchosha," husema, "kiti chako kipo."

Siku tatu Rudia alichapa kama anayefukuzwa. Haraka haraka haina baraka: ripoti moja ilirudishwa na wino mwekundu, maana alikuwa ameihamisha figo mbovu upande wa pili. Akashuka hadi kumi na tano.

Jumatatu mama yake akaja kliniki ya macho ya hospitali yetu. Foleni ilikuwa ndefu, akaomba kungojea kwetu, akaketi nyuma ya bintiye, mkoba mapajani. Nusu saa nzima hakutazama kioo cha kompyuta wala vidole. Alitazama chini ya meza.

"Mwanangu, nani kakufundisha kukanyaga hivyo?"

"Mama, daktari huyu anaongea mbio. Nikikosa neno lazima nirudi."

"Kwa hiyo unasimama kila sindano inapotoboa? Nguo utaimaliza lini? Kitambaa kikiteleza, fundi hasimami. Anapunguza mwendo, mguu hautoki. Hii mashine yenu haina mwendo wa polepole?"

Tukatazamana. Kitufe kilikuwepo tangu siku ya kwanza, sisi tukadhani ni cha wavivu. Rudia akakibonyeza. Daktari tunayemwita Mvua ya Mawe akaanza kuongea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Rudia akacheka mpaka akavua hedifoni, nikaivaa nikacheka mimi, akacheka na mama mtu bila kujua tunacheka nini. Kisha mguu ukatua, ukakaa, na vidole vikafuata. Baada ya muda nikagundua kuwa ile tak, tak imekwisha.

Jumanne ishirini na nne. Jumatano ishirini na nane. Alhamisi niliacha kazi zangu nikawa namhesabia. Ijumaa saa kumi kasorobo alimaliza ya thelathini na moja, tukacheza katikati ya meza kama watu waliopagawa, msimamizi akajifanya anatafuta miwani.

"Nampigia mama," alisema, halafu akaishusha simu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa kile kiti atamwekea nani?"

Akapiga.

"Mama, thelathini na moja."

Hata mimi niliisikia cherehani ikisimama upande wa pili. "Vizuri, mwanangu," mama akasema, akakata.

Jumatatu asubuhi tulimkuta mlangoni kwetu, kiti cha mbao kichwani. Hakusalimia vizuri. Alisukuma pembeni kiti chetu cha magurudumu, akaweka chake, akamkalisha bintiye, akapima goti lake kwa kiganja.

"Hicho chenu kinakuning'iniza mguu," alisema. "Kalia hiki. Kule nyumbani kinakula vumbi tu."

Nilikiangalia vizuri kile kiti. Hakikuwa na vumbi hata chembe.