Amani ya Vyungu Viwili

Kabla ya amani, kilabuni kwetu Chanji waligombana watu wawili tu.

Wa kwanza alikuwa karani wa zamani wa ushirika, aliyepunguzwa kazi siku zile ofisi zilipokuwa zinapunguza watu kama mizigo ya mtumbwi unaozama. Wa pili alikuwa muuza mitumba, kijana ambaye mageuzi yaleyale yaliyomkondesha karani yalimnenepesha yeye. Redio ilikuwa ya karani. Betri zilikuwa za muuza mitumba. Karani alitaka taarifa ya habari, mwenzake alitaka dansi.

"Redio yangu hii, kijana."

"Shikamoo, mzee. Isikilize bila betri basi."

Ilikuwa hivyo kila jioni, na wengine tuliizoea kama upepo wa Sumbawanga, unaokupuliza mavumbi machoni bila kukuchukia.

Kilabu chenyewe kilikuwa ua wa nyumba yetu. Mama alikiendesha na mwanamke niliyemwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na undugu naye. Alitoka Mbeya akimfuata mume mtumishi wa serikali. Mume akahamishwa, akasahau kuhama na mke. Mama alimkuta bombani analia, akampa ndoo ashike, na tangu hapo walipika pamoja kimpumu, pombe ya ulezi. Mama alikuwa na mkono wa kimea. Ulezi aliouotesha yeye ulichipua sawasawa kama nywele zilizonyolewa na kinyozi mzuri. Mama mdogo alikuwa na mkono wa moto, aliujua unga ulioiva kwa harufu tu. Hakuna aliyewahi kupika peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sidhani kama walikuwa wamelitambua hilo.

Kimpumu hainywewi kwa glasi. Inakaa chunguni, nzito, unaimwagia maji ya moto, na watu wanazunguka chungu kila mmoja na mrija wake. Mnavuta pamoja, vipaji vya nyuso vikikaribia kugongana. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye unaona matundu ya pua yake kwa karibu hivyo. Karani na muuza mitumba walitukanana huku wakinyonya chungu kimoja.

Kazi yangu ilikuwa maji ya moto na mirija. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikaamua kujisomesha kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi na kwa kamusi isiyo na jalada iliyoanzia herufi D. Maana ya neno vita niliisoma humo. Amani ilichanika pamoja na jalada. Nakiri pia kwamba niliipanga mirija kwa urefu, na benchi likikaa upande tumbo liliniuma kwelikweli. Mama aliniambia nitazeeka kabla ya kuolewa.

Jioni moja redio ilitangaza kwamba nchi ya jirani wamefikia mwafaka, pande zote zimetia sahihi. Watu wakapiga makofi. Aliyenuna alikuwa fundi cherehani wetu, aliyevuka ziwa kutoka huko miaka ya nyuma na kushukia bandari ya Kirando akiwa na cherehani kichwani na bila kitu kingine.

"Mnapiga makofi ya nini? Kwetu tuligombana miaka mingi bila kujua tuko wangapi. Wakaja wapatanishi, wakatuhesabu. Kabla ya mkataba mimi nilikuwa fundi. Baada ya mkataba wakaniuliza, fundi wa upande gani?"

"Kunywa, fundi," karani akasema. "Sisi hapa si watu wa huko."

Akataka kurekebisha sauti ya redio. Muuza mitumba akachomoa betri, karani akamkamata mkono, na birika la maji likapinduka, pombe ikamwagika. Mama mdogo akachoka.

"Mimi sipiki pombe ya kumwagwa. Pataneni leo, au kesho mtanyonya vidole vyenu."

Karani, ambaye alivikumbuka vikao kuliko mshahara, aling'aa kama aliyerudishwa kazini. Akaeleza kwamba mapatano hayafanyiki hewani, lazima pawe na pande, na kila upande uwe na mwenyekiti. Mimi, kwa sababu ya mwandiko, nikawa katibu.

Nilipiga mstari katikati ya karatasi. Mstari ulinyooka, nikafurahi. Kushoto nikaandika Upande wa Redio, kulia Upande wa Betri. Tatizo likawa kwamba kila upande ulikuwa na mtu mmoja, na karatasi ilionekana tupu. Basi tukaanza kugawa watu. Waliokaa karibu na karani walikwenda kushoto, waliowahi kununua suruali kwa muuza mitumba wakaenda kulia.

Mama wa samaki, aliyetuletea migebuka kutoka ziwani, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nauza samaki. Niko upande gani?"

"Lazima uchague, mama. Nafasi ya tatu haipo."

Nafasi ingeweza kuwepo. Ila ingeharibu mstari wangu.

"Basi niandike kwenye kivuli."

Kivuli kilikuwa kulia, nikamweka Betri. Fundi naye akasimama, nikadhani anataka kutulaani. Akagombea uenyekiti wa Betri na kushinda.

"Si ulisema mikataba mibaya?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana nimegombea. Asiye na upande hana kigoda."

Vifungu nilivitunga mwenyewe usiku, na nilivipenda. Kila upande uwe na chungu chake na benchi lake. Habari zitangulie, dansi lifuate. Kisha, kwa sababu vyungu vilikuwa viwili na wapishi wawili, nikaona lingekuwa jambo la kupendeza Mama ahudumie Redio na mama mdogo ahudumie Betri. Walicheka sana niliposoma. "Haya, wa upande wa pili," Mama akamwambia mwenzake, "nipishe nipite."

Hawakucheka muda mrefu. Upande wa Redio waligundua kwamba benchi lao liko kwenye upepo. Upepo ule ulikuwepo tangu wazazi wao hawajazaliwa, lakini sasa ulikuwa upepo wa uonevu. Betri wakagundua kwamba maji ya moto yanawafikia wa mwisho. Fundi akaacha kupita mbele ya nyumba ya karani, akawa anazunguka hadi barabara ya Kasesya na kufika amechoka na amekasirika zaidi. Wateja wakaanza kuwanong'oneza wapishi. Chungu cha mwenzako kizito. Cha mwenzako kina kimea zaidi. Siku moja nikamsikia Mama akisema "watu wake," akimaanisha mama mdogo na wateja, na tumbo likaniuma kuliko benchi lolote lilivyowahi kuliumiza.

Kisha ukaja mpira redioni. Mechi ilianza wakati wa habari na ingeingia hadi muda wa dansi.

"Mpira ni habari," karani akasema.

"Mpira ni burudani, mzee. Muda wetu."

"Katibu! Mkataba unasemaje?"

Nikaupitia wote, kifungu kwa kifungu. Mkataba, ambao niliuongezea kifungu kwa kila lalamiko, ulijua habari ya upepo, mirija na maji ya moto. Kuhusu mpira haukusema neno. Nilikuwa bado nasema "kwa mujibu wa" redio iliporuka na kutua ndani ya chungu cha Betri, ikaendelea kutangaza kwa muda kutoka kwenye ulezi. Halafu wakapigana wote, hata wale ambao maisha yao yote walikuja kunywa tu. Migebuka ilikanyagwa. Birika likaruka na kumwunguza mama mdogo mkono, akapiga kelele.

Mama aliisikia ile kelele. Lakini alikuwa tayari anakimbilia chungu chake, akakikumbatia kisivunjike. Alipogeuka, mama mdogo alikuwa anamtazama, mkono ameushika kifuani.

Kesho yake mama mdogo alihamisha sufuria zake na kufungua kilabu ng'ambo ya barabara. Upande wa Betri ukamfuata ukiimba.

Pombe zote mbili zilikuwa mbaya. Ya kwetu ilinuka moshi, Mama akaunguza unga na kunilaumu mimi. Ya ng'ambo, alivyosema mama wa samaki, ilikuwa na kimea kilichooza, unainywa huku umefumba macho. Wanaume wakaja kwa Mama na hoja. Wanahitaji mkataba wa pili, wenye wasimamizi. Karani alinyoosha karatasi mpya kabisa, na nakiri kidole changu kilikwisha kuanza kutafuta rula.

Mama aliiangalia ile karatasi, akaenda ndani, akatoka na kapu la kimea kichwani, akavuka barabara. Nikamfuata.

Mama mdogo alikuwa anakoroga kwa mkono wa kushoto. Hakuinua kichwa.

"Umetumwa na watu wako?"

"Watu gani? Wale walevi?"

"Ulikimbilia chungu."

"Nilikimbilia."

"Mkono wangu unaungua, wewe unakumbatia chungu."

"Nilikimbilia, nimekwambia. Unataka nilie? Sogea, hicho kimea chako nakisikia harufu kutoka nyumbani."

Waligombana mchana kutwa, kwa sauti, mambo ya tangu ile ndoo ya bombani. Hakuna aliyesema samahani ambayo mimi niliisikia. Jioni walirudi wote wawili wameshika sufuria moja, kila mmoja sikio lake, na Mama akaweka chungu kimoja katikati ya ua.

Watu walikuja kwa sababu ya harufu. Lakini walikaa nusu duara huku na nusu duara kule, na kati yao wakaacha nafasi ya kutosha kupitisha mstari wangu. Mama wa samaki akaja na kapu lake, akaikalia nafasi ile na kupanua magoti pande zote mbili.

"Sogeeni. Binti, maji."

Muuza mitumba, aliyekuwa ametoka stendi, akasema amesikia kule nchi ya jirani wametia sahihi tena.

"Maskini," Mama akasema, akimwagia maji ya moto. "Vyungu vingapi?"

Fundi akautoa mrija mdomoni. "Viwili. Kwa sasa."